Nilimwamini Staa wa Insta Mpaka Nikaficha Dawa ya Mwanangu: Stori Yangu ya Juisi ya Kijani Huku Izigo

Leo nimekuja na stori ya jikoni. Msikimbie, umbea upo pia, tena upo wa kutosha. Ila wa kwanza kuumbuka humu ni mimi mwenyewe, kwa hiyo nisomeni taratibu.

Kuna dada mmoja maarufu sana hapa Bongo. Jina namhifadhia, kwanza sitaki barua ya wakili, pili tamthilia zake bado naziangalia, sitaki kudanganya. Mnamjua. Akiposti picha ya kikombe cha chai, laiki zinamwagika kabla hajameza. Basi mwaka juzi akaanzisha kitu chake akakiita siku 21 za kijani. Kila asubuhi anasimama jikoni kwake, marumaru nyeupe kila kona, kucha ndefu, anashindilia majani kwenye blenda ya bei ya pikipiki, anabonyeza, anakunywa, anafumba macho kama kaona malaika. Siku ya tisa akasema maneno ambayo ndo yalinimaliza. Eti mwili ukipata kijani unajitibu wenyewe, damu inarudi yenyewe, dawa za hospitali ni za watu wavivu kula majani.

Maneno hayo yalinikuta mahali pabaya.

Mimi ni mtoto wa Sinza niliyeolewa Izigo. Kwa wasiopajua, Izigo ni kata ya wilaya ya Muleba, Kagera, kwenye barabara ya kutoka Bukoba kwenda Muleba. Nyumba yetu ipo katikati ya kibanja, yaani ukifungua dirisha la jikoni unaona migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni maharage. Kila kitu kijani. Mtu wa mjini akija anapiga picha hizo mpaka simu inajaa. Baba watoto shughuli zake zipo Mwanza, anakuja kwa meli mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tupo mimi, watoto wawili, na mama mkwe ambaye nyumba yake iko hatua thelathini kutoka mlango wangu wa nyuma. Hatua thelathini. Wenye mama mkwe wa karibu mnanielewa.

Binti yangu, humu nitamwita Dogo, alikuwa na miaka minne. Alikuwa ametoka kuugua malaria mara mbili mfululizo. Huku Muleba malaria si habari ngeni. Ndiyo wilaya ambako vile vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya kuvunja usugu wa mbu vilifanyiwa majaribio makubwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018, yakasaidia nchi nyingine kubadilisha vyandarua vyao. Sisi vyandarua tunavyo. Ila mtoto ni mtoto, saa moja jioni bado yuko nje anamkimbiza kuku.

Baada ya malaria ya pili akawa amepauka. Viganja vyeupe, kope za ndani nyeupe, anacheza dakika tano anakaa chini. Nikampeleka kituo cha afya, wakatoboa kidole, damu 8.6. Kwa umri wake inatakiwa isipungue 11. Tukapewa dawa ya minyoo, tukapewa chupa ya dawa ya maji ya kuongeza madini ya chuma, tukaambiwa mpe kila siku, rudini baada ya wiki nne.

Sasa waliowahi kumpa mtoto ile dawa watanisaidia kusimulia. Inanukia msumari. Meno yanapata weusi, choo kinakuwa cheusi, tumbo linafunga. Dogo akiiona chupa tu anakaza meno kama mtu anayeng'olewa jino. Kila asubuhi vita. Mimi namshika kichwa, kaka yake anashika miguu, kijiko kimoja kinaingia, viwili vinaishia kwenye gauni langu. Usiku nikiwa nimechoka nafungua simu, nani ananisubiri? Dada wa kijani, ngozi inang'aa, anasema dawa ni za wavivu.

Mwenzenu nikaenda Bukoba mjini nikanunua blenda.

Juisi yangu ya kwanza naikumbuka kama ajali. Nilichukua fungu zima la mchicha, mbichi, mashina na mizizi kasoro kidogo, nikaweka tango, nikaweka ndimu nzima na ganda lake, maji ya bomba, nikawasha. Ilitoka kitu kizito chenye povu juu na nyuzi chini, rangi ya maji ya bwawa. Kaka mtu, wa darasa la nne, akanusa akasema, "Mama, hii inanuka zizi." Dogo alikunywa funda moja akalirudisha lote ukutani. Alama ipo mpaka leo, rangi ya ukuta imekubali kushindwa.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ng'ombe wamekukosea nini mpaka unawanyang'anya chakula?"

Nilichukia. Nikajiambia huyu mama hajui mambo ya kisasa. Na hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho sijawahi kukiandika popote. Ile chupa ya dawa niliipandisha kabati la juu, nyuma ya pakiti ya unga, nikaacha kumpa. Nikaanza siku 21 za kijani. Mtoto alikuwa anakunywa kwa rushwa, kikombe kimoja pipi mbili, na mimi kila siku napiga picha napeleka kwenye grupu la wafuasi wa yule dada, kinamama mia kadhaa, wote tunapongezana kwa mioyo ya kijani. Kuna mmoja humo aliuliza kama kisamvu kibichi kinafaa kwenye blenda. Akajibiwa na msimamizi wa grupu kwa moyo wa kijani. Hilo nitalirudia.

Siku zilipotimia tukaenda kituo cha afya, mama mkwe akatusindikiza kwa sababu siku hiyo ana shughuli zake njia hiyo hiyo. Kidole kikatobolewa. Damu 8.3.

Nesi akaangalia kadi, akaniangalia mimi. "Dawa mnampa kila siku?"

Nikasema ndiyo.

Jamani, niliisema ile ndiyo bila hata kupepesa macho. Mama mkwe alikuwa amekaa benchi lile lile, mkoba mapajani. Hakusema kitu. Njia nzima kwenye bodaboda hakusema kitu. Tulipofika akaingia jikoni kwangu, ambako huwa haingii bila hodi, akavuta stuli, akapanda, huyu ni mama wa miaka sabini na, akashusha pakiti ya unga, akatoa chupa. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

Nilisubiri matusi. Nilisubiri simu ipigwe Mwanza. Akaniambia tu, "Mwanangu, mimi nimezika wawili. Wote walianza kwa kuwa weupe hivi hivi." Akaniweka chupa mkononi, akarudi kwake, hatua zake thelathini.

Sikulala.

Asubuhi nikarudi kituoni peke yangu, nikamwambia nesi ukweli. Nilidhani atanifokea mbele za watu. Alivuta kiti. Akanieleza kitu ambacho yule dada wa Insta kwenye siku zake zote 21 hakukigusa. Mchicha una madini ya chuma, kweli, ila chuma cha kwenye majani mwili unakichukua kidogo sana ukilinganisha na cha nyama, maini au dagaa. Halafu mchicha na spinachi zina asidi inayokishika hicho chuma kisiingie mwilini. Ukiyachemsha kidogo majani na kumwaga yale maji, sehemu ya hiyo asidi inaondoka. Chai na kahawa vinazuia, maziwa nayo yanazuia, kwa hiyo chai ya maziwa pamoja na dawa ya chuma ni sawa na kumwaga dawa. Kinachosaidia ni vitamini C: pasheni, chungwa, pera, ndimu. Mtoto ambaye damu imeshuka kiasi kile hawezi kuipandisha kwa kikombe cha majani, lazima dawa. Majani yaje kama chakula. Akanipa na bomba la sindano lisilo na sindano, akanionyesha namna ya kuisukuma dawa nyuma ya ulimi, pembeni, isiguse meno.

Nikamuuliza sasa hii juisi niache? Akacheka. "Usiache. Ila itengeneze inyweke."

Hapo ndipo ilipoanza kazi yenyewe, na wadau, nimeharibu mchicha mwingi sana kabla ya kufika nilipofika.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kutenganisha. Dawa asubuhi kabla ya chai, ikishushwa na juisi ya pasheni tupu. Smuthi ya kijani saa kumi jioni, watoto wakitoka kucheza na njaa. Mtoto mwenye njaa ni mteja mzuri. Nilipoacha kuifanya smuthi kuwa dawa, Dogo akaacha kuiogopa. Hakuna kushikana miguu tena, ukitaka kunywa, hutaki kaka yako anamaliza.

Cha pili ni majani yenyewe. Nilikuwa naona mastaa wanatupia majani mabichi nikadhani ndo sheria. Huku mboga nyingi zinatoka mabondeni, maji ya kumwagilia huyajui yamepita wapi, na mtoto nimetoka kumpa dawa ya minyoo juzi, nimrudishie minyoo kwa glasi? Siku hizi natoa mashina, nabaki na jani tupu, natumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, natoa, natia kwenye maji baridi yaliyochemshwa, nakamua. Rangi inabaki kijani kibichi kabisa, ile harufu ya zizi inakwisha. Mchicha mchanga na sukuma wiki changa ndiyo ninaowapenda. Mnavu nimejaribu, ni uchungu, uacheni kwenye sufuria na karanga. Matembele yanateleza.

Na kisamvu sasa. Kisamvu kibichi usikiweke kwenye blenda, hata kama umeona moyo wa kijani. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana kitu kinachotengeneza sumu ya sianidi. Ndiyo maana bibi zetu wote, Bukoba mpaka Tanga, wanakitwanga halafu wanakichemsha muda mrefu. Hawakuwa wanapoteza kuni bure. Niliandika hivyo kwenye grupu, nikaambiwa nina nishati hasi.

Cha tatu ni utamu, na hapa ndipo Kagera inapotubeba. Mjini watu wanaongeza sukari au zile sharubati za chupa. Mimi naning'iniza ndizi kisukari jikoni mpaka ganda linapata madoa meusi, pale ambapo mtu mwingine angeitupa. Ndizi ya hivyo ni asali. Ukiwa na friji imenye, ikate, igandishe, smuthi inakuwa nzito kama aiskrimu. Parachichi hapa linaanguka lenyewe, wakati mwingine usiku unasikia linagonga bati unadhani mwizi. Nusu parachichi inaondoa ule ukwaruzo wa majani kooni. Pasheni inaleta uchachu unaomdanganya mtoto kwamba anakunywa juisi ya kawaida, ila chuja mbegu kwanza, blenda ikizisaga zinaleta uchungu na mchanga mdomoni. Kipande cha tangawizi kama kucha ya kidole gumba. Na chumvi, msishangae, ile inayoshikika kwa vidole viwili tu. Chumvi kidogo inaua uchungu wa jani kuliko sukari. Hii niliigundua kwa bahati mbaya nilipochanganya makopo.

Mama mmoja wa Marekani mzaliwa wa Urusi, Victoria Boutenko, ambaye anatajwa sana kwamba ndiye aliyezisambaza hizi smuthi za kijani miaka ya 2000, alikuwa anasema matunda sita kwa majani manne. Kwa watoto wa Izigo nilianza na tisa kwa moja. Siongopi. Wiki ya kwanza jani moja moja, kama naweka sumu. Wiki ya pili mawili. Walikuja kushtuka tayari wanakunywa kiganja kizima.

Rangi nayo ina siasa zake. Usichanganye majani na kitu chekundu. Nilitia kiazisukari ili kuongeza damu, kama tulivyozoea kuamini, kikatoka kitu cha rangi ambayo hapa si mahali pa kuitaja. Kaka mtu alisimama akaondoka mezani bila neno. Kama mtoto wako anaogopa hata ile kijani nzuri, tumia kikombe chenye mfuniko na mrija. Asichokiona hakimsumbui. Huyo huyo kaka mtu msimu wa senene alipendekeza tusage na senene humo humo, kwa hiyo ushauri wa watoto nao una mipaka yake.

Mpaka hapo juisi ilikuwa inanyweka. Iliyoifanya igombaniwe ni mama mkwe.

Baada ya siku ile ya chupa tulikuwa tunasalimiana vizuri, kasinge waitu asubuhi, kasinge jioni, ila kuna kitu kilikuwa kimekaa katikati yetu kama fenicha. Sijui kama alimwambia mwanawe. Sikuthubutu kuuliza. Halafu Jumamosi moja kwenye kibanja cha jirani wakawa wanakamua mramba wa harusi. Kwa wasioujua, mramba ni juisi ya ndizi kabla haijawa pombe. Zile ndizi za kukamulia zinaivishwa kwanza kwa siku kadhaa, zinamenywa, zinatiwa kwenye chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, zinachanganywa na majani makavu, halafu watu wanazikanyaga na kuzikanda mpaka juisi inajitenga, safi, ya dhahabu. Ukiitia mtama uliokaangwa na kuiacha ilale, inakuwa rubisi. Ukiinywa siku hiyo hiyo ni tamu mpaka meno yanauma.

Nilisimama pale na Dogo mgongoni naangalia yale majani yanavyofanya kazi. Mama mkwe akanisogelea. "Unaona? Sisi juisi ya majani tulikuwa nayo kabla ya hilo dude lako la umeme." Tukacheka, wa kwanza kucheka pamoja tangu ile siku. Jioni akaja na jagi. "Badala ya maji, tia hii."

Dah. Nilichemsha kwanza, maana miguu ni miguu hata kama imeoshwa, nikaacha ipoe, nikatia robo kikombe tu, iliyobaki maji. Sikuweka ndizi tatu, niliweka moja. Watoto walinyamaza. Mnajua ule ukimya wa mtoto anapokunywa kitu na macho yanatoka juu ya ukingo wa kikombe? Ule. Dogo akasema, "Mama, leo umeweka nini?" Mara ya kwanza kuuliza kwa wema.

Siku ya pili nikajidai kutumia mabaki ya jagi ambayo sikuyachemsha. Mama mkwe akaonja kwanza, akakunja uso, akatabasamu. "Hii imeshaanza kuimba. Hii si ya watoto." Akaondoka nayo.

Msinielewe vibaya, mramba ni sukari. Robo kikombe kwa familia ya watu wanne inatosha, na mzee jirani yetu mwenye kisukari hapewi hata kidogo, tena hata smuthi yenyewe ya ndizi na pasheni si ya kumnywesha mtu wa kisukari kikombe kizima halafu ukajisifu umempa mboga. Na kama kuna mtu nyumbani anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au figo zake zina shida, muulizeni daktari kabla hamjamwanzishia vikombe vya majani kila siku, kwa sababu majani mengi yanaweza kugombana na hali hiyo. Hii pia haikuwepo kwenye siku 21.

Upande wa damu, sikutegemea juisi tena. Dawa kila siku, bila kukosa, na bomba lile. Maharage, dagaa wa kusaga kwenye uji wa jioni, maini nikipata. Chai tukaisogeza mbali na chakula. Baada ya mwezi damu 9.7. Nililia pale pale kwenye benchi, nesi akajifanya anatafuta kalamu. Baada ya miezi mitatu 11.4.

Baba watoto alikunywa smuthi mwisho wa mwezi wa pili bila kujua. Akasema parachichi la mwaka huu zuri. Nilimwacha amalize glasi, watoto walipolala nikamwambia yote. Chupa, kabati, ile ndiyo niliyomjibu nesi. Kumbe mama yake hakuwa amemwambia hata neno. Alikaa kimya muda mrefu sana, mpaka nikaanza kuhesabu vyura nje. Halafu akasema, "Siku nyingine ukichoka nipigie mimi, usiipigie simu." Ilichukua sekunde kadhaa kuelewa. Kisha akatoka nje, akaenda kwa mama yake, hatua thelathini, wakakaa huko mpaka usiku. Waliongea nini sijui mpaka leo na sijauliza.

Yule dada? Siku 21 ziliisha, zikaja siku 40, sasa hivi anauza unga wa kijani kwenye pakiti nzuri. Pakiti moja ni bei ya mchicha wa mwaka mzima huku kwetu. Nilimwandikia kwenye komenti, kwa adabu kabisa, kwamba mtoto wangu alishuka damu nikifuata ushauri wake, na kwamba angalau aweke neno moja kwamba watu wasiache dawa. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeblokiwa. Lile grupu nalo nikatolewa. Kabla ya kutolewa, kinamama wanne walinifuata inbox wakisema na wao waliacha. Mmoja mtoto wake ana sikoseli. Niliongea naye kwa simu usiku ule ule mpaka bando likaisha, akaahidi asubuhi atampeleka hospitali. Alinitumia ujumbe baadaye kwamba alimpeleka. Wengine watatu sijui.

Wanaonitetea yule dada huwa wananiambia yeye ni msanii, siyo daktari, kosa ni langu niliyemwamini. Sawa, kosa ni langu, nimeshalikubali hapo juu mbele yenu wote. Ila na yeye alijua anaongea na akina nani. Hakuwa anaongea na watu wenye daktari wa familia.

Jana umeme ulikatika saa tisa na nusu, kama kawaida yake. Majani nilishayachemsha, ndizi nimeshazimenya, blenda imekaa mezani bubu. Nilikuwa nataka kuwaambia watoto leo hakuna. Dogo, sasa ana miaka sita, akachukua bakuli la majani, akachukua kikombe chake chenye mfuniko, akapita mlango wa nyuma. Baada ya muda nikasikia kinu kinagonga kwa bibi yake.